Somo la dini, maombi ya gwaride na mtoto wako: mwongozo kwa wazazi wasio na dini Nairobi

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 755,750 waliosema hawana dini. Wengi wao ni wazazi, na watoto wao husimama gwarideni asubuhi wakaambiwa wafumbe macho. Shule yenyewe huenda si ya kanisa wala ya msikiti. Ni shule ya umma iliyokuwa chini ya Baraza la Jiji, au ya mtu binafsi aliyefungua madarasa mtaani Umoja, Donholm au Kasarani. Hata hivyo maombi yapo, pambio zipo, na somo la dini liko kwenye ratiba kuanzia chekechea.

Msimamo wangu nautaja mapema ili ujue unasoma nini: mwache mtoto asome somo la dini, ila usikubali alazimishwe kuabudu. Kujua Wakristo au Waislamu wanaamini nini ni elimu. Kupiga magoti na kukiri usichokiamini ni jambo jingine, na sheria yetu inalitambua hivyo. Wazazi wengi huchanganya haya mawili, wakaenda shuleni na hasira ya jumla, wakarudi mikono mitupu.

Hatua ya 1: Jua sheria inakupa nini

Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 ni sentensi moja fupi: Kenya haina dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, mawazo, imani na maoni. Humo ndani kuna mambo mawili ya kushika vizuri. La kwanza, mtu asinyimwe nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani au dini yake. La pili, asilazimishwe kutenda jambo linalopingana na imani au dini yake. Ukiambiwa kwamba kifungu hicho kinawalinda wenye dini tu, msomee mwenzako polepole: dhamiri imetajwa, mawazo yametajwa, na "imani" imewekwa kando ya "dini", haikumezwa nayo.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inakataza kumbagua mtoto kwa dini wakati wa kumsajili, kifungu cha 34. Kifungu cha 36 kinakataza adhabu ya kumdhalilisha mwanafunzi, iwe ya mwili au ya kisaikolojia. Na kifungu cha 27, kinachoeleza kazi ya mfadhili wa shule (mara nyingi kanisa au shirika la dini), kinamruhusu kusimamia mambo ya kiroho na hata kuleta kasisi kwa gharama yake mwenyewe, lakini kinamtaka pia alinde imani za wengine. Sehemu hii ya mwisho ndiyo hupitwa haraka mikutanoni.

Upande wa pili nao ujue, usije ukashangazwa. Utangulizi wa Katiba hiyohiyo unamtaja Mungu, na miongoni mwa malengo ya kitaifa ya elimu kuna kukuza maadili ya kidini. Somo la dini si kosa la mwalimu mkuu. Liko katika mtaala. Uingereza mzazi ana haki iliyoandikwa ya kumtoa mtoto katika somo la dini na katika ibada ya shule. Kwetu ombi la namna hiyo husimama juu ya Katiba, na namna unavyoliwasilisha ina uzito mkubwa.

Mahakama zimesaidia. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilikubaliana na Waadventista wa Sabato kwamba wanafunzi wao wapewe nafasi ya kuishika Sabato. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba msichana wa Kirastafari aliyefukuzwa shule ya upili huko Kibera kwa sababu ya rasta zake arudi darasani na nywele zake. Walioshtaki walikuwa na dini, lakini hoja iliyoshinda ni ya kila mtu: shule ya umma imtafutie mwanafunzi nafasi pale ambapo kufanya hivyo hakuharibu masomo ya wengine.

Hatua ya 2: Chunguza shule kabla ya kulipa

Ofisini uliza: shule ina mfadhili? Somo la dini ni CRE (la Kikristo) pekee, au kuna mwalimu wa IRE (la Kiislamu) na HRE (la Kihindu)? Kipindi cha PPI, kile cha malezi ya kiroho cha mara moja kwa wiki, huongozwa na mwalimu wa shule au na mhubiri anayetoka nje? Majibu ya swali la tatu ndiyo yatakayokueleza hali halisi. Kuna shule ambapo PPI ni mazungumzo kuhusu ukweli na kuheshimiana, na kuna shule ambapo ni mahubiri ya nusu saa yanayoishia kwa "nani anataka kuokoka leo, inua mkono". Mtoto wa miaka saba atainua, kwa sababu jirani yake ameinua.

Katika shule ya umma yenye mfadhili, kanisa lina viti vitatu kwenye Bodi ya Usimamizi, na wazazi wana sita. Shule ya binafsi iliyojitangaza kuwa ya Kikristo ni hadithi nyingine. Katiba inawafunga hata wao, lakini ukishatia sahihi kanuni zinazosema ibada ni sehemu ya maisha ya shule, utakuwa na kazi kubwa kueleza kwa nini uliichagua.

Kwenye fomu ya kujiunga kuna nafasi ya "Dini". Andika "Hana". Usiache wazi, maana pengo hilo mtu atalijaza kwa niaba yako.

Hatua ya 3: Gawanya mambo kabla hujaenda kulalamika

Chukua karatasi uorodheshe kila jambo la dini linalomfikia mtoto: somo lenyewe, PPI, maombi ya gwaride, sala kabla ya chakula, pambio, chama cha wanafunzi Wakristo, siku ya maombi ya watahiniwa, sadaka na michango. Mbele ya kila moja andika: nakubali, naomba nafuu, au nakataa. Wazazi wote wawili mkae pamoja, hasa kama mmoja wenu bado huenda kanisani. Shule ikigundua kwamba baba anasema hivi na mama anasema vile, mazungumzo yatakufa siku hiyohiyo.

Kwa maoni yangu sehemu ya "nakataa" iwe fupi: mtoto kuongoza maombi, kutakiwa kukiri imani mbele ya wenzake, kuombewa kwa kuwekewa mikono, kuadhibiwa au kuaibishwa kwa kukaa kimya, na kubatizwa au kusajiliwa kanisani bila idhini yenu. Haya hayana mjadala.

Hatua ya 4: Somo la dini lishughulikiwe nyumbani, kwenye daftari

Hapa ndipo penye kazi nyingi, na ndipo wazazi hufanya haraka mno ya kumtoa mtoto darasani. Fikiria hesabu yake. Somo la dini linafundishwa hadi Gredi ya 9. Katika sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) ni moja kati ya masomo 9, na linatahiniwa katika KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9 uliofanywa mara ya kwanza 2025. Mtihani huo unabeba asilimia 60 ya alama za kumpeleka mtoto sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12). KPSEA ya Gredi ya 6 ina 20, na tathmini za shuleni 20. Somo hilo halina mbadala nje ya dini. Kuhamia IRE hakuondoi jambo linalokusumbua. HRE, ambayo inafunza Uhindu, Ujaini, Usikh na Ubudha kwa pamoja, ina upana wa kuvutia, lakini ni shule chache zenye mwalimu wake. Kuanzia Gredi ya 10 somo la dini huwa la hiari, na hapo mtoto atachagua mwenyewe.

Basi soma unachofundishwa. Mitaala ya KICD, taasisi inayotayarisha mitaala ya taifa, iko wazi kwenye tovuti yao. CRE ya madarasa ya chini ina uumbaji, Biblia, maisha ya Yesu, Kanisa, na maadili ya Kikristo. Ukiangalia malengo ya kila mada utaona maarifa na ibada vimeshonwa pamoja. Chukua swali la kawaida la daftari la Gredi ya 4: "Taja vitu vitatu alivyoumba Mungu, kisha ueleze unavyomshukuru kwa vitu hivyo." Nusu ya kwanza inauliza kilichoandikwa kitabu cha Mwanzo. Nusu ya pili inamtaka mtoto aabudu kwa kalamu.

Mfundishe njia ya kujibu bila kudanganya na bila kupoteza alama. "Kulingana na kitabu cha Mwanzo, Mungu aliumba nuru, anga na nchi kavu. Wakristo humshukuru kwa kuomba, kuimba na kutunza mazingira." Jibu limekamilika, kila neno ni la kweli, na mtoto hajajitia mahali asipokuwa. Mazoezi machache mezani baada ya chakula cha jioni yanatosha kumpa mkono wa kuandika hivyo. Akifika Gredi ya 7 atakuwa amezoea kutofautisha "inasemekana", "wanaamini" na "imethibitishwa", na ujuzi huo utamfaa pia katika somo la sayansi na la jamii. Kama mwalimu atakata alama kwa sababu ya maneno hayo, beba daftari, si hasira.

Usimdharau mwalimu wa CRE mbele ya mtoto. Simulizi za Biblia ziko katika lugha yetu, katika majina ya majirani, katika hotuba za bunge, katika matanga tunayohudhuria. Mtoto wa Nairobi asiyejua Daudi na Goliathi ni nani ataachwa nje ya mazungumzo mengi. Mweleze na ya wengine: kwa nini maduka ya Eastleigh hufungwa Ijumaa adhuhuri, Diwali ya Parklands ni ya nini, wazee wa Agikuyu waliomba wakiutazama Mlima Kenya kwa nini. Akijua dini nyingi, moja haitamjia kama kitu pekee kilichopo duniani.

Hatua ya 5: Zungumza na mwalimu wa darasa, uso kwa uso

Usianzie kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi. Ukiandika pale "sisi hatuamini Mungu", kufikia saa mbili usiku utakuwa umeombewa na watu kumi na mmoja atauliza kama mtoto wako anafaa kukaa na wake. Nenda baada ya vipindi, mwalimu akiwa anasahihisha, umwombe dakika chache. Sema unachokubali kwanza.

"Mwalimu, sisi nyumbani hatufuati dini. Zawadi atasoma CRE kama wenzake na mtihani atafanya. Ombi langu ni asiambiwe aongoze maombi, na akisimama kimya wenzake wakiomba, asiadhibiwe."

Tarajia mshangao, wakati mwingine wa upole tu: "Kwani Mama Zawadi, hamwombi hata kabla ya kula?"

"Hatuombi, mwalimu. Tunamshukuru aliyepika."

Mara nyingi kinachomsumbua mwalimu ni hofu kuliko ukali. Tuhuma ya kuabudu shetani ina mizizi mirefu nchini. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima kuichunguza, na shule zilitajwa sana katika uvumi wa miaka ile. Kwa hiyo sema waziwazi kwamba hakuna mnachokiabudu, na kwamba maadili mnayomfunza mtoto, ukweli, bidii, kusaidia jirani, kuheshimu wakubwa, ni yale yale anayoyataka shuleni. Mwalimu akiona mtoto ana adabu, nusu ya safari imekwisha.

Hatua ya 6: Andika barua fupi

Mkishaelewana na mwalimu, weka kwenye maandishi kwa mwalimu mkuu. Mkielewana kwa mdomo tu, mwalimu akihamishwa na TSC, tume inayoajiri walimu, makubaliano yanaondoka naye. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, mfano huu:

"Kwa Mwalimu Mkuu. Kuhusu: ushiriki wa (jina, gredi) katika ibada. Familia yetu haifuati dini. Tunaunga mkono mtoto wetu asome somo la dini lililo katika mtaala na atahiniwe. Kwa kuzingatia Kifungu cha 32 cha Katiba, tunaomba asitakiwe kuongoza au kutamka maombi, kuimba nyimbo za ibada, au kuhudhuria mahubiri ya wageni. Wakati huo yuko tayari kusimama kimya kwa heshima, au kusoma maktabani chini ya uangalizi. Tunaomba tujulishwe mapema kabla ya shughuli yoyote ya ibada nje ya ratiba. Asante kwa kazi yenu."

Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Usijaze kesi za mahakama ndani yake. Barua ya kwanza inaomba, haitishi.

Hatua ya 7: Mwandae mtoto kwa gwaride

Mtoto ndiye atakayekuwa pale, wewe utakuwa ndani ya matatu. Kwa hiyo mpe kazi iliyo rahisi: simama wima, nyamaza, usicheke, usizungumze na jirani. Macho kufumba au kutofumba ni hiari yake. Akiulizwa na wenzake, awe na sentensi moja: "Kwetu hatuombi, lakini nyinyi ombeni." Asibishane kama Mungu yupo au hayupo uwanjani wakati wa mapumziko. Mtoto wa darasa la chini asibebeshwe vita vya wazazi wake, na mwenzake anayeamini ana haki ya kuamini bila kuchekwa.

Wimbo wa taifa ni sala kwa Mungu tangu mstari wa kwanza. Wazazi wasio na dini wametofautiana hapa. Mimi naona ni bora mtoto auimbe kama raia, akijua historia yake. Asiyetaka kuutamka asimame kwa heshima, maana heshima kwa wimbo wa taifa ni jambo la lazima.

Na mtoto akipenda? Kuna watakaopenda kwaya, wengine watapenda marafiki wa chama cha Wakristo, na mmoja atakuja Gredi ya 8 akisema ameokoka. Uhuru wa dhamiri unaoudai shuleni ni wake pia. Msikilize, muulize maswali yaleyale ambayo ungemuuliza kuhusu jambo lingine lolote, kisha umwache akue. Nyanya yake wa kijijini akimpeleka kanisani Desemba, hilo ni la kuzungumza na nyanya kwa upendo, nje ya mambo ya shule.

Hatua ya 8: Siku ya maombi na michango

Mwaka 2016 Waziri Fred Matiang'i alipiga marufuku siku za maombi katika muhula wa tatu ili kuzuia wizi wa mitihani, na shule nyingi tangu hapo huzifanya muhula wa pili. Unaweza kuhudhuria kumtia moyo mtoto bila kuomba. Kwa watahiniwa siku hiyo ni ya wazazi kuonekana. Mchango wa sadaka si karo. Ukiandikiwa kwenye orodha, omba kwa upole upewe risiti inayoonyesha ni wa nini, na ukatae usiposhawishika. Mtoto hawezi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya sadaka.

Hatua ya 9: Ombi likikataliwa

Panda ngazi moja moja, kila mara kwa maandishi. Anza na Chama cha Wazazi na wawakilishi wenu kwenye Bodi. Kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu, halafu ya kaunti. Ukinyimwa nakala ya kanuni za shule ya umma, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Malalamiko ya kukaliwa kimya hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, Westlands. Mtoto akiadhibiwa au kutishiwa kufukuzwa, nenda Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, au kwa shirika la msaada wa kisheria liitwalo Kituo cha Sheria kama huna uwezo wa kulipa wakili. Mahakama ya Milimani ni hatua ya mwisho kabisa. Kesi huchukua miaka, na utoto haungoji.

Hifadhi tarehe, majina ya waliokuwepo na maneno yaliyotamkwa siku hiyohiyo. "Walimuonea mtoto wangu" haitakufikisha popote. "Jumatano, gwarideni, alipigishwa magoti mbele ya wenzake kwa kukataa kuomba" itakufikisha.

Hatua ya 10: Angalia mbele

Shule za bweni ndizo ngumu zaidi, kwa sababu Jumapili ni ibada na mwanafunzi hana kwingine pa kwenda. Mtoto wa Gredi ya 9 anapochagua shule za sekondari pevu, tazama mfadhili wa kila moja pamoja na masomo inayotoa. Ya kutwa ikipatikana karibu na nyumbani, ipe uzito. Ikibidi bweni, omba mapema saa za ibada ziwe za kusoma chumba cha maktaba, na umwombe mwalimu wa zamu aandike makubaliano hayo kwenye faili ya mwanafunzi.

Kila Januari mtoto huingia gredi mpya na mara nyingi kwa mwalimu mpya. Wiki ya kwanza ya muhula, pamoja na vitabu na sare, peleka nakala ya ile barua yenye muhuri umkabidhi mwalimu huyo mkononi.